Mandvi ilikopesha, Mundra ikajenga bandari

MEI 2024, kampuni ya Adani ya India ilitia saini mkataba wa miaka 30 wa kuendesha kitengo cha pili cha makontena katika bandari ya Dar es Salaam. Kitengo hicho kina gati nne na uwezo wa kupokea makontena milioni moja ya futi 20 kwa mwaka. Wengi walimwona mwekezaji huyo kuwa mgeni kabisa. Lakini bandari yake kubwa iko Mundra, katika eneo la Kutch, jimbo la Gujarat, na kutoka Mundra hiyo hiyo ndiko ilikotoka nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha ya Zanzibar tangu miaka ya 1830, enzi za Seyyid Said.

Hata hivyo, wakati wa Jairam mji uliovuma katika Kutch haukuwa Mundra. Ulikuwa Mandvi, mwendo usiofika kilomita 70 kufuata pwani, penye mlango wa mto Rukmavati. Mji huo unahesabu umri wake tangu karne ya 16. Mafundi wake walichonga kotia, majahazi makubwa yaliyokuja kwetu na kaskazi na kurudi na kusi. Yalishusha nguo, zikiwemo kaniki, na kupakia pembe za ndovu na sandarusi.

Mfanyabiashara atakayevutiwa zaidi atazame jinsi fedha zilivyozunguka. Tajiri wa Mandvi au Bombay alimpa mwenzake wa Zanzibar mali kauli. Wa Zanzibar naye alimpa Mhindi mwenye duka Bagamoyo, na huyo akampa mwenye msafara nguo, ushanga na masango ya kwenda Tabora na Ujiji. Malipo yalirudi kwa njia ile ile baada ya mwaka au zaidi, yakiwa pembe. Kila mkono ulioshika mali uliongeza faida yake, na aliyebeba hasara kubwa msafara ukipotea ni yule wa mwisho, aliyekwisha kuingia porini na deni. Wapagazi hawakuonekana kwenye daftari ila kama gharama.

Bagamoyo yenyewe ilimtoa Sewa Haji Paroo, ambaye ukoo wake ulitoka Kutch. Aliuza bidhaa za misafara na kuitafutia wapagazi. Alipofariki mwaka 1897 alikuwa ametoa mali nyingi kwa shule ya Bagamoyo na hospitali ya Dar es Salaam, na jina lake lingalipo kwenye jengo la Muhimbili.

Kilichoiangusha Mandvi ni mchanga na maji haba. Jahazi lilisubiri maji kujaa likaingia mtoni, bali meli ya moshi haikuweza. Mizigo ikahamia Bombay na Karachi. Mwaka 1947 Karachi ikabaki Pakistan, India ikajenga bandari mpya Kandla, nayo ikawekwa upande mwingine wa Kutch. Bagamoyo ilipatwa na jambo hilo hilo. Ufuo wake ulifaa majahazi tu, na mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao Dar es Salaam, ambako meli huingia ndani ya bandari ya asili. Reli ya kati ikaanzia huko, na kufika Kigoma mwaka 1914. Misafara ikafa.

Mandvi haikufa. Kando ya mto bado utaona mbavu za majahazi ya mbao zikisimamishwa, siku hizi yakitiwa injini. Wapita njia hula dabeli, mkate mdogo uliojazwa viazi vyenye viungo, karanga na komamanga, chakula ambacho mji huo unajivunia kukibuni. Watalii huja ufukoni na kwenye kasri la Vijay Vilas. Ni maisha mazuri, lakini si ya bandari kuu.

Mundra ilianza kupokea meli za biashara mwaka 1998. Ina kina, ina reli, na ina ardhi kavu ya bei ndogo nyuma yake. Baada ya tetemeko la Januari 26, 2001 serikali ya India ilisamehe kodi viwanda vipya vya Kutch, navyo vikaja na shehena. Katika mwaka wa fedha 2024/25 Mundra ilipitisha zaidi ya tani milioni 200.

Hapo ndipo hesabu inapowagusa waliokwisha kununua viwanja Bagamoyo kwa matumaini ya Mbegani. Makubaliano ya bandari hiyo na Wachina yalitiwa saini mwaka 2013, kwa makadirio ya dola bilioni 10. Jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015. Serikali iliyofuata ikasimamisha. Na Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuyafufua mazungumzo. Ni miaka minane kati ya tangazo la kwanza na hilo la mwisho, na mwenye mkopo wa benki alilipa riba kila mwezi wa miaka hiyo.

Kaskazini ya mto Wami, Mkange inategemea kitu kidogo zaidi, nacho ni lami. Barabara ya Bagamoyo hadi Tanga kupitia Pangani ni ya kilomita 256, na kipande cha Mkange, Mkwaja hadi Tungamaa, kilomita 95.2, kimepata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Barabara haingoji kina cha maji. Chumvi ya pwani ya Saadani, samaki, mkaa na mazao ya mashamba vina soko leo, Dar es Salaam na Tanga, bandari ya Mbegani ijengwe au isijengwe. Mwenye shilingi chache atafute bei ya kukodi lori kutoka Mkange masika na kiangazi, alinganishe na bei baada ya lami, ndipo aulize bei ya kiwanja.