Fisi mwindaji na vitabu vingine vya Serengeti

Anayetaka kuijua Serengeti kupitia vitabu aanze na fisi. Mwaka 1972 Hans Kruuk, mtaalamu wa wanyama kutoka Uholanzi, alichapisha The Spotted Hyena baada ya kuwafuatilia fisi madoa kwa miaka kadhaa, Serengeti na katika kreta ya Ngorongoro. Hadi hapo wengi, wataalamu wakiwamo, walimwona fisi kuwa mla mizoga tu, mwoga na mlafi kama alivyo katika ngano. Kosa lilikuwa la saa. Watu walifika asubuhi, wakakuta simba wanakula nyumbu huku fisi wamewazunguka wakingoja makombo, basi wakaamini simba ndiye aliyeua. Kruuk alikesha na fisi kwenye mbalamwezi. Aliwaona wakimkimbiza nyumbu mpaka wanamwangusha, kisha simba wanasikia kelele za ulaji, wanakuja na kuwapora. Ngorongoro jambo hilo lilikuwa la kawaida. Kitabu kinaeleza pia koo za fisi na mipaka yao, na majike walio wakubwa kuliko madume na ndio wenye amri.

Mwaka huohuo George Schaller alitoa The Serengeti Lion. Kimejaa majedwali, na asiyependa takwimu ataruka kurasa, lakini kinamkamilisha Kruuk: simba naye hula mizoga bila haya.

Kilichotangulia ni Serengeti Shall Not Die cha Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1959. Wawili hao waliwahesabu wanyama kutoka angani kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Januari mwaka huo ndege iligongana na tumbusi, Michael akafa. Ni kitabu kitamu, ila kisomwe kwa tahadhari. Wamaasai wamo humo kama tatizo zaidi kuliko wenyeji, nao mwaka huohuo walihamishwa kutoka hifadhini. Hofu ya kitabu kwamba nyumbu wangetoweka nayo haikutimia. Akina Grzimek walihesabu nyumbu wapatao 100,000. Ng'ombe wa maeneo jirani walipochanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa huo ukatoweka mbugani, ndama wa nyumbu wakaacha kufa kwa wingi, na mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walizidi milioni moja.

Mabadiliko hayo yamechambuliwa katika Serengeti: Dynamics of an Ecosystem (1979), kilichohaririwa na A.R.E. Sinclair na M. Norton-Griffiths, kigumu kuliko vyote. Asiyekimudu atayakuta kwa lugha nyepesi katika Serengeti Story, alichokiandika Sinclair mwaka 2012.