Safari ya Nyika na Pwani



Neno "safari" ni letu, tulilolipokea zamani kwa Waarabu, na maana yake kwetu ni mwendo wowote. Mzee aendaye kumwuguza nduguye mji wa pili yuko safarini, na mchuuzi apakiaye magunia yake yuko safarini. Wageni wa Ulaya walipolichukua walilipunguza, likawa na maana ya kwenda nyikani kutazama wanyama tu. Kisha desturi yao ikaongezeka sehemu ya pili: wakisha kuona wanyama, hushuka pwani wakapumzika siku chache. Leo nataka kueleza kwa nini mwendo huo wa namna mbili wafaa kuchaguliwa, wala si na wageni peke yao, bali na sisi pia, tunaopita kando ya nyika kila mwaka tukienda arusini na matangani bila kugeuza shingo.

Watu husema kwamba sababu ni wanyama wakubwa na mchanga mweupe. Ni kweli, lakini haitoshi. Simba wako kwingine katika Afrika, na fukwe nzuri ziko katika nchi nyingi. Lililo adimu ni kuvikuta vyote viwili karibu karibu. Katika Kenya, mtu aweza kuondoka asubuhi katika hifadhi ya Tsavo Mashariki, akatoka kwa lango la Sala, na kabla ya adhuhuri awe Malindi akiitazama bahari. Ni mwendo wa kilomita 110 hivi. Na kuna jambo lililo kubwa kuliko ukaribu, nalo ni kwamba nyika ile na bahari ile zimefungwa pamoja na maji. Tuyafuate maji hayo.

Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu. Mawe ya huko ni ya volkeno, yenye matundu mengi, kwa hiyo maji hayashuki kwa mito. Hunywewa na ardhi, husafiri chini kwa chini, na kutokeza katika chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, yakiwa maangavu kama kioo. Hapo pana viboko na mamba, tena pamejengwa chumba chini ya maji chenye madirisha, ili mtu awatazame samaki bila kulowa. Sehemu ya maji hayo ilivutwa kwa mabomba mpaka Mombasa katika miaka ya 1950. Yaliyobaki huingia Mto Tsavo, nao hukutana na Mto Athi utokao upande wa Nairobi na kupita Ukambani. Baada ya kukutana, mto huitwa Galana. Huporomoka kwenye mawe ya Lugard, hukata nyika kavu, na ukifika pwani hubadili jina tena ukaitwa Sabaki. Mlango wake uko kaskazini kidogo ya Malindi.

Katika kiangazi Galana ndio uhai wa nyika. Ndovu hushuka kwa makundi kunywa na kuoga, na rangi yao huwashangaza wageni, maana ni wekundu kama matofali. Si kabila jingine la ndovu. Ni udongo wa Tsavo wanaojirushia mgongoni kuzuia jua na wadudu. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1948, na Mashariki na Magharibi pamoja hupita kilomita za mraba 20,000. Ndovu wake wameona mengi. Ukame wa miaka ya 1970 na 1971 uliwaua kwa maelfu, kisha majangili wakawafuata kwa bunduki, hata katika mwaka 1988 walikuwa wamebaki kama 6,000 tu. Mwaka 1989 Serikali ya Kenya ilichoma tani 12 za pembe hadharani, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kuipiga marufuku biashara ya pembe. Hesabu ya mwaka 2021 ilikuta zaidi ya 14,000 katika nchi ya Tsavo na kandokando yake. Mtu awaonaye leo anaona kitu kilichokaribia kutoweka.

Lakini sitaki kusema kama kwamba watu wote wanafurahi. Nilipata kuwachukua wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu kwa njia hii. Tuliposimama juu ya mto kuwatazama ndovu, wote walipaza sauti kwa furaha ila mmoja, kijana wa Taita. Nikamwuliza ana nini. Akanijibu, "Mwalimu, wageni hulipa fedha kumwona huyu. Sisi tulimwona bure, akatugharimu shamba zima la mahindi kwa usiku mmoja." Sikuwa na la kumjibu upesi. Sheria ya mwaka 2013 yasema mwenye shamba alipwe, na baba yake alijaza karatasi, akangoja. Kulipwa baadaye si sawa na kuvuna.

Huko Sagalla, mpakani mwa hifadhi, wamejaribu dawa nyingine. Hutundika mizinga ya nyuki kwa waya kuzunguka shamba. Ndovu akiugusa waya mizinga hutikisika, nyuki wakatoka, na ndovu, pamoja na ukubwa wake, huwaogopa nyuki sana. Si kila ndovu hurudi nyuma, lakini wengi hurudi, na asali huuzwa. Basi mimi huwaambia wasafiri: ukipita Voi, nunua asali ya Sagalla. Fedha ya langoni haimfikii moja kwa moja aliyeliwa mahindi yake. Ya asali humfikia.

Tulipofika Malindi ilikuwa mwezi wa Januari, mvua za vuli zimekwisha si siku nyingi, na bahari ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kijana mmoja wa Machakos, ambaye hajapata kuona bahari maishani mwake, alisikitika. Akauliza, "Nani ameichafua?" Nikamwambia huenda ni shamba la babake. Akacheka, kisha akaona kwamba sifanyi mzaha. Mvua ipigayo kilima kisicho na matuta huchukua udongo, udongo huingia Athi, Athi huwa Galana, Galana huwa Sabaki. Upepo wa kusi uvumapo, tope la Sabaki husukumwa kwenda kaskazini. Kaskazi ivumapo, hurudishwa kusini mpaka ghuba ya Malindi. Matumbawe hukua mwaka kwa mwaka na kuweka alama, kama mti uwekavyo pete. Wataalamu walitoboa tumbawe la kale la Malindi wakazisoma alama hizo, na katika mwaka 2007 walitangaza kwamba udongo uliofika hapo ulizidi sana tangu mwanzo wa karne ya 20, nchi ya bara ilipoanza kulimwa kwa namna mpya. Yule kijana alichota tope kidogo akalitia katika chupa ya dawa, akalichukua nyumbani kumwonyesha babake.

Kesho yake tulikwenda Watamu, kusini zaidi, ambako tope ni haba. Sehemu za bahari za Malindi na Watamu zililindwa tangu mwaka 1968. Ndani ya mwamba maji ni matulivu, samaki wana rangi zote, na kasa huja usiku kutaga mayai mchangani. Karibu na hapo, mwituni, yako magofu ya Gedi, mji wa Waswahili wenye msikiti, visima na nyumba za mawe, uliohamwa katika karne ya 17. Pakiti siku moja ya kukaa hapo, msiiharakishe.

Sasa wakati wa kwenda. Januari na Februari nyika ni kavu, wanyama huonekana karibu na maji, na bahari ni shwari, ijapokuwa Malindi yaweza kuwa na tope. Tangu Julai mpaka Oktoba nyika ni nzuri zaidi, lakini kusi huichafua bahari kwa mawimbi na mwani. Aprili na Mei ni masika. Njia za Tsavo huteleza. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni, na cha wanafunzi ni kidogo zaidi, kwa hiyo mwalimu na aulize mapema. Kutoka Nairobi au Mombasa, gari la moshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 husimama Voi. Na huko Watamu, mkitaka kutembea juu ya mwamba maji yakitoka, ngojeni bamvua ya mwezi mpevu au mwezi mchanga, mvae viatu, maana miiba ya baharini haijui mgeni wala mwenyeji.

Kwaherini.