Kuni za Shughuli

Wali wa watu mia tatu haupikwi na mtu mmoja, wanangu, wala haupikwi kwa pupa. Ndiyo maana huku Pemba, kuanzia Konde hadi Kengeja, harusi husikika kwa shoka kabla ya kusikika kwa dufu. Siku moja au mbili kabla ya karamu, vijana wa mtaa hukusanyika uani kuchanja kuni. Mmoja anapiga shoka, wa pili anabeba, wa tatu anapanga, na wa nne, ambaye hakuna mtaa usio naye, amekaa juu ya gogo akiwaeleza wenzake wanavyokosea.

Leo nataka niwasimulie habari za watu hawa wa moto. Wengi wao si wapishi wa kulipwa. Ni mvuvi, ni mwalimu, ni fundi baiskeli, ni mchumaji wa karafuu. Wanachopenda ni moto wenyewe: kuuwasha, kuulisha, kuubembeleza na kuugombania. Mtu akisikia kuna shughuli, haulizi kama amealikwa kula. Anauliza nani anasimamia majiko.

Usiku wa kuamkia karamu, mawe makubwa huwekwa matatumatatu kuwa mafiga. Jifya moja haliinjiki chungu, walisema wazee, na hayo masufuria ya shughuli mnayajua: mtoto wa darasa la kwanza anaweza kukaa ndani akajificha. Sufuria likishajaa supu na nyama, hunyanyuliwa na watu wanne, na likipandishwa juu ya mafiga halishuki mpaka chakula kiive. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Utazameni vizuri ulimi wa moto. Mtaona kwamba mara nyingi umeachana kidogo na ukuni. Kinachowaka pale si mti, ni gesi. Joto likiingia ndani ya ukuni hukausha maji kwanza. Maji yakiisha, mti huanza kutoa gesi, na gesi hiyo ikikutana na hewa na joto la kutosha ndipo huwaka. Ikimalizika, hubaki kaa, ambalo huwaka jekundu bila ulimi wowote. Sasa fikirini: mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiutia jikoni, joto ambalo lingechemsha sufuria linatumika kukausha mti. Ile sauti ya "tsss" na lile povu linalotoka kwenye ncha ya ukuni ndiyo maji hayo yanakimbia. Na gesi isiyopata joto la kutosha haiwaki, inapanda juu ikiwa moshi na kuingia machoni mwa watu.

Basi mtu akileta kuni mbichi kwenye shughuli, asitegemee huruma.

"Shemeji, umeleta kuni au umeleta samaki?"

"Kuni zako zimetawadha, bwana. Zinangoja adhana?"

Naye shemeji hanyamazi. Atajibu kwamba kuni hazina kosa, kosa ni la mpuliza moto aliyeziacha pumzi zake zote barazani kwenye kahawa. Yule mpulizaji atainuka na macho yanayochuruzika, na kabla hajasema neno, mtu mwingine atamshika bega na kumwambia kwa upole kabisa: "Usilie, ndugu yangu. Bibi harusi ameshapata wake." Hapo uwanja mzima unavunjika mbavu, na yeye mwenyewe anacheka kuliko wote.

Msidhani maneno haya husemwa ovyo. Utani una mipaka yake, na watu wa moto huijua vizuri kuliko watu wengine. Mashemeji hutaniana, mabinamu hutaniana, babu na mjukuu hutaniana mpaka mgeni adhani wanagombana. Lakini mkwe hataniwi. Mkwe akija kuangalia majiko, migongo hunyooka, watu humwamkia, na moto wote husifiwa hata kama unafuka moshi. Hali kadhalika hataniwi mtu aliyefiwa, wala shughuli ya hitima haina kelele za harusi, ingawa masufuria ni yaleyale na wapishi ni walewale. Mtu anayejua kuchekesha uani kwa watu anajua pia siku ya kunyamaza.

Mabishano makubwa hasa ni juu ya kuni. Makuti makavu hushika moto upesi na kufa upesi. Hayo ni ya kuwashia tu. Makumbi ya nazi huwaka polepole na kutunza moto. Vifuu vina joto kali. Mvinje una wafuasi wake, kwa kuwa huwaka vizuri na kuacha makaa mazito. Mwembe una wafuasi wengine. Mkarafuu uliokufa hutoa kuni ngumu na nzito, na Pemba haina uhaba wa mikarafuu. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mashamba mengi ya Unguja ikatuacha sisi, na tangu hapo kisiwa hiki kimekuwa ndicho chenye karafuu nyingi. Ila mkarafuu ulio hai hauguswi bila kibali, hiyo ni sheria ya Zanzibar. Mkoko nao una moto mkali unaosifiwa sana na wazee, lakini mikoko ndiyo inayoshika ufukwe usiliwe na bahari, na katikati ya mizizi yake samaki wadogo hukulia. Mpishi anayetaka samaki wa kesho hawezi kuchoma mkoko wa leo. Katika hilo sitaki ubishi na mtu.

Na ubishi huu si wetu peke yetu. Mbali kaskazini kuna nchi ya Norwei, baridi yake inagandisha maziwa, na watu huweka jiko la kuni ndani ya nyumba ili wapate joto. Mwaka 2011 mwandishi wao Lars Mytting alitoa kitabu kizima kuhusu kuni: kuzikata, kuzipanga, kuzikausha. Kitabu kilipendwa mno, na Februari 2013 televisheni ya taifa, NRK, ikarusha kipindi cha saa kumi na mbili juu ya kuni. Saa nne za mwanzo watu walizungumza na kuchanja magogo. Saa nane zilizobaki, usiku kucha, kamera ilionyesha moto ukiwaka tu, na mara kwa mara mkono ukiongeza ukuni. Katika nchi ya watu wapatao milioni tano, karibu milioni moja walitazama kwa wakati fulani. Na walipotuma ujumbe wa kulalamika, nusu walisema magogo yamepangwa vibaya kwa kuwa gome lingetakiwa kuelekea chini, na nusu walisema lingetakiwa kuelekea juu. Mnawaona wale? Wangeletwa uani kwetu wangekuwa wenyeji kabla ya wali kuiva.

Nchi hiyohiyo ilitoa sehemu kubwa ya fedha za waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Pemba. Ulianza kazi mwaka 2010. Kabla yake tulitegemea mashine za dizeli. Umeme ulikuja, mitungi ya gesi nayo ikaingia majumbani, nami nafurahi kwa hilo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Anayeumia zaidi ni mama anayepika kila siku katika jiko lenye dirisha dogo, na mtoto aliyemkalia mgongoni. Moto huo hauna mzaha wowote. Ukiweza kumpunguzia mama yako moshi, mpunguzie.

Moto wa shughuli ni wa uwanjani, penye hewa, na wa siku chache kwa mwaka. Mimi ningependa huo ubaki, na sababu yangu ni hii. Jiko la gesi ukishaliwasha unaweza kuondoka. Moto wa kuni haukuachi uondoke. Pilau ikichemka hutaka moto mkubwa. Mchele ukianza kunyonya maji, lazima kuni zivutwe nje upesi, makaa yatandazwe, mengine yawekwe juu ya kifuniko ili joto lije kwa juu na kwa chini. Ukichelewa kidogo, chini kunaungua na juu kuna mchele mbichi. Kwa hiyo watu hukaa pale tangu usiku wa manane mpaka alfajiri, hawana pa kwenda, mikono inangoja na midomo iko huru. Mwalimu yuko karibu na mvuvi, na watu waliokuwa hawasalimiani tangu uchaguzi wanashika mwiko mmoja, kwa sababu sufuria lile halikorogwi na mkono mmoja. Kicheko cha pale kinawazuia wasilale, na kinamfundisha kijana kazi bila kumuumiza. Aliyeambiwa kuni zake zimetawadha harudi tena na kuni mbichi.

Nanyi mkitumwa kuni za shughuli, gonganisheni mbili kabla ya kuzibeba: kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa sauti nzito iliyokufa. Tazameni pia ncha zake, kavu huwa na nyufa. Msimwage mafuta ya taa juu ya moto hata mkiona mkubwa anafanya hivyo, na simameni upande unakotoka upepo.

Halafu mtaulizwa swali ambalo uwanja wowote wa Pemba huwa nalo: ukuni huingia kwa ncha nyembamba au kwa shina? Mimi ni wa ncha nyembamba. Inashika moto upesi, na shina lililobaki nje halina joto, kwa hiyo pilau ikitaka moto wa taratibu nalishika na kulivuta. Wenzangu wa shina wanasema lililo nene ndilo linalohitaji muda mrefu, basi lianze. Waulizeni, watawaeleza kwa kirefu. Ila msiwaulize wakati mchele unanyonya maji.