Katanga inapojisimulia mateso yake

Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kuhusu Kilwa, mji mdogo wa teritori ya Pweto huko Katanga, Kongo, kando ya Ziwa Moero. Mwezi Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa; jeshi la serikali lilipokuja kuurudisha mji, raia waliuawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu wafu wasiopungua 73. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaona washtakiwa hawana hatia ya uhalifu wa kivita. Zamu ya Tume ilipofika, iliitaka serikali ya Kongo ilipe fidia ya dola milioni 2.5, iombe msamaha hadharani, ifukue makaburi ya pamoja ili waliouawa wazikwe kwa heshima, na ijenge mnara wa ukumbusho.

Kati ya hayo yote, mnara ndio mgumu. Fidia ina tarakimu zake, na kaburi lina taratibu zake. Lakini juu ya mnara lazima yaandikwe maneno, na mtu aamue: waliokufa walikuwa nani, waliuawa na nani, kwa ajili ya nini, na waliobaki wajiiteje baada ya hapo. Maswali hayo hayana fundi mmoja. Katanga imeyahangaikia kwa zaidi ya miaka 80, na waliojibu vizuri hawakuwa wote watu wa chuo kikuu.

Kitabu kilichoanzisha mjadala kilichapishwa kwa Kifaransa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, mwaka 1945. Mwandishi wake, Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa Kongo tangu 1933 na alikaa miongoni mwa Waluba. Alidai jambo ambalo wakoloni wengi hawakutaka kulisikia: kwamba Wabantu wana falsafa. Kwa maelezo yake, kila kilichopo ni nguvu ya uzima, na nguvu hiyo huongezeka au hupungua. Ugonjwa, uchovu, kuvunjika moyo, yote ni kupungukiwa na nguvu hiyo.

Fikra nzuri, na wengi waliipokea kwa furaha. Tatizo lake alilitaja Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, katika hotuba yake dhidi ya ukoloni iliyotoka miaka ya 1950. Aliona kwamba ukimwambia mwajiri kuwa Mbantu anachotaka ni kuheshimiwa nguvu yake ya ndani, umemwondolea mwajiri huyo mzigo wa mshahara, nyumba na chakula. Onyo hilo lilikuwa na damu nyuma yake. Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliogoma kudai mshahara walipigwa risasi na askari katika uwanja wa michezo wa Élisabethville. Falsafa yoyote ya mateso inayoandikwa Katanga bila kuutaja uwanja ule imeruka ukurasa.

Hata hivyo Tempels hakuishia kwenye kitabu. Mwaka 1953, katika kambi ya wafanyakazi ya Musonoi, Kolwezi, alianza kukutana na wachimbaji na wake zao, na humo ikazaliwa harakati ya Kikristo iliyoitwa Jamaa. Mafundisho yake yalikuwa kwa Kiswahili na yalisimama juu ya mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke walikaa pamoja kujadili nini humfanya mtu awe mtu, baada ya zamu ya kazi, ndani ya nyumba ambazo kampuni ndiyo iliyozijenga na ndiyo iliyoamua nani alale humo. Jamaa ilienea Katanga hadi Kasai, na baadaye maaskofu wakaiwekea mipaka. Makala hii inathubutu kusema kwamba mazungumzo ya Musonoi yana uzito zaidi kuliko kitabu cha 1945, kwa sababu pale wenye maisha yenyewe walipata nafasi ya kusema.

Kuna waliosema bila padri kuwakaribisha. Mwaka 1965, André Yav aliandika historia ya mji wa Élisabethville kwa niaba ya chama cha waliokuwa maboyi, watumishi wa nyumba za Wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili cha mjini, kisichofuata sarufi ya shule. Ni masimulizi mafupi, lakini yanautazama ukoloni kutoka jikoni, kwa macho ya mtu aliyepika, akafua, akasikia kila kitu na asiulizwe lolote.

Miaka minane baadaye, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alianza kazi kubwa zaidi. Kati ya 1973 na 1974 alichora picha kama 100 za historia ya nchi, kwenye vitambaa vya magunia ya unga, na kuzieleza moja moja kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti cha mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Tshibumba alijiita mwanahistoria. Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na Lubumbashi tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, amechorwa na misalaba mitatu ikiwa nyuma. Hapo mauaji ya kisiasa yamesomwa kwa macho ya Golgota, na hakuna profesa aliyemwelekeza. Miaka ile familia nyingi za Lubumbashi zilitundika sebuleni picha ya mfungwa akichapwa fimbo huku afisa Mbelgiji akitazama. Watu walikula, wakapokea wageni na kulea watoto chini ya picha hiyo. Habari za Tshibumba mwenyewe zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mwandishi Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi tarehe 8 Desemba 1941, siku moja kabla ya risasi za uwanjani. Alipitia maisha ya utawa kwa Wabenedikto nchini Rwanda, akayaacha, akawa mwalimu wa chuo kikuu Lubumbashi. Rais Mobutu alipofuta majina ya Kikristo, Mudimbe akawa Vumbi Yoka. Kwa hiyo mtu aliyeandika mwaka 1988 kitabu mashuhuri juu ya jinsi Afrika ilivyobuniwa na maandishi ya wengine alikuwa ameonja hata jina lake kubuniwa upya na serikali. Aliondoka Zaire kwenda Marekani karibu na 1980, akafariki huko Aprili 2025.

Riwaya yake Shaba Deux, ya mwaka 1989, ndiyo ingewagusa zaidi watu wa Pweto. Ni daftari la sista Mkongo aliyeko Kolwezi wakati wa vita vya 1978. Anasali, anaandika, anajiuliza kama kubaki ni imani au ni kukosa pa kwenda. Desemba 2000, Pweto ilipoangukia mikononi mwa waasi wa RCD na jeshi la Rwanda, maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Zambia, wengi wakaishia kambi za Kala na Mwange. Aliyewahi kusimama mlangoni akichagua kati ya mzigo na mtoto hahitaji kufafanuliwa hofu ya sista yule.

Kinachosikitisha ni kwamba riwaya za Mudimbe, pamoja na Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, zimeandikwa kwa Kifaransa, na hazifiki kirahisi kwa muuza samaki wa ziwani. Kiswahili hakishindwi kazi hiyo. Mwandishi Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, Tanzania, alikifikisha mbali katika riwaya ya Kichwamaji mwaka 1974, na mbali zaidi katika Nagona mwaka 1990.

Kazi ya Yav na mazungumzo ya Tshibumba, angalau, hayana kizuizi hicho. Yamewekwa kwenye intaneti, kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, bila malipo, na mwalimu wa Pweto mwenye simu na mtandao anaweza kuwasomea wanafunzi wake, kisha akawauliza wangeongeza ukurasa gani.