Nani Analipia Matibabu ya Mtoto Wako Katika Zahanati?

Leo hatutazungumza juu ya kuhara wala chanjo. Tutazungumza juu ya pesa, kwa sababu wako akina mama wanaokaa nyumbani na mtoto mwenye homa siku mbili, tatu, wakitafuta pesa za matibabu, na huku zahanati iliyo karibu imepangiwa malipo ya mtoto huyo.

Je, malipo hayo yanatoka wapi? Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi tunaiita SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. SHA ina mifuko mitatu, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi. Huo hujazwa na serikali, na ndio unaolipia matibabu ya mgonjwa asiyelazwa katika zahanati na kituo cha afya. Mfuko wa pili ni wa bima, unaolipia mambo kama kulazwa na upasuaji hospitalini. Huo ndio tunaouchangia: asilimia 2.75 ya mapato, na si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu.

Kwa hivyo mama, hata kama hujalipa mchango, bado unaweza kumpeleka mtoto zahanati. Unachohitaji ni kuwa umejiandikisha. Lakini usingoje uchungu wa kuzaa ukuanze ndipo uulize habari za mfuko wa pili. Upasuaji wa kujifungua hauko katika ule wa kwanza.

Zahanati nayo hailipwi kwa sababu tu ina bango la msalaba mlangoni. Kwanza lazima ipate leseni kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo hukagua wahudumu, vyumba na vifaa, kisha hukipa kituo ngazi yake. Zahanati ni ngazi ya pili, kituo cha afya ni ya tatu. Baada ya leseni, kituo hutia sahihi mkataba na SHA. Mwaka wa 2025 Baraza lilifunga mamia ya vituo visivyofikia masharti, na vingine vikashushwa ngazi. Basi usione haya kuuliza pale dirishani: "Leseni yenu iko wapi? Mna mkataba na SHA?" Muuguzi anayefanya kazi yake vizuri hatakasirika. Binafsi hufurahi nikiulizwa.

Katika viwango vilivyotangazwa mwaka wa 2024, afya ya msingi ilipangiwa shilingi 900 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Si pesa nyingi, wacha niseme ukweli. Lakini kituo hupata malipo kwa kutuma dai linaloonyesha ni nani alitibiwa na alitibiwa nini. Ndiyo maana huombwa uthibitishe kwamba wewe ndiwe. Mwanzoni ilikuwa nambari ya siri iliyotumwa kwa simu, baadaye vituo vikaanza kutumia alama ya kidole. Usimpe mtu nambari hiyo, wala usiweke kidole chako, kwa huduma ambayo hukupata. Dai la uongo linakula pesa za dawa ya mtoto wa jirani yako, na rekodi yako inaharibika: mtoto ataonekana alitibiwa ugonjwa ambao hajawahi kuugua.

Na rekodi hiyo ina kazi. Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka wa 2023 iliweka mitandao ya huduma. Hospitali ya ngazi ya nne iko katikati, zahanati na vituo vya afya vinaizunguka, na kule kijijini kuna mhamasishaji wa afya ya jamii. Tuseme mtoto anakohoa na anapumua mbio mbio. Mhamasishaji anamwona nyumbani na kumtuma zahanati. Zahanati ikishindwa, inampeleka hospitali na barua inayoeleza dawa alizopewa. Anayempokea haanzi kubahatisha.

Lakini sikia, mlezi. Mtoto ambaye hawezi kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki, huyo usimzungushe ukitafuta barua. Mkimbize mahali pa karibu panapoweza kumhudumia.

Mtauliza, mbona wakati mwingine tunaambiwa dawa hakuna, nendeni dukani? Malipo kwa vituo yamewahi kuchelewa, na mara nyingine shida ni usimamizi. Kwa sheria nyingine ya mwaka huo wa 2023, pesa zinazoingia katika kituo cha umma hubaki katika kituo hicho. Kila kituo kinapaswa kuwa na kamati yenye watu wa jamii. Waulizeni zimenunua nini.

Kama hujajiandikisha, piga *147# au umwombe mhamasishaji akusaidie. Watoto huandikwa chini ya jina la mzazi, kila mmoja kwa jina lake. Ukienda zahanati beba kitambulisho, simu, na kile kitabu cha kliniki cha mtoto, hata kama kurasa zake zimeanza kuchanika.