Mnyama asiye na pa kukimbilia

Mzazi wa Songea anayempeleka mtoto kwenye bustani ya wanyama ya Ruhila ajiandae kwa swali: mbona hawa hawaendi zao? Jibu ni uzio. Ndani yake mnyama analindwa, lakini hawezi kufuata mvua wala malisho.

Mnyama wa porini huishi kwa miguu yake. Hapa Ruvuma, tembo, nyati na palahala hupita kwenye ushoroba wa Selous–Niassa, ukanda wa pori wa kilomita zipatazo 160 unaopita Namtumbo na Tunduru hadi mto Ruvuma, kisha Msumbiji. Hauna uzio, ndiyo maana bado unapitika.

Botswana waliona uzio unavyoweza kuua. Uzio wa Kuke ulijengwa miaka ya 1950 ili ng'ombe wasiambukizwe ugonjwa wa miguu na midomo. Ukame wa miaka ya 1980 ulipobana, nyumbu waliokuwa wakitafuta maji waligota kwenye waya, na makumi ya maelfu wakafa.

Sasa ongeza bunduki. Afrika Kusini kuna mashamba ambamo simba hufugwa, kisha mteja hulipa na kuwapiga risasi ndani ya uzio. Mwaka 2021 serikali ya huko ilitangaza nia ya kuukomesha ufugaji huo. Hata wawindaji wengi wanaukataa, kwa sababu mwindo wa haki humwachia mnyama nafasi ya kuponyoka. Kumpiga aliyefungiwa ni kuchinja, tena kwa majigambo.

Kwetu uwindaji wa kitalii hufanyika kwenye vitalu vya wazi, na vijiji vilivyo katika jumuiya za hifadhi za wanyamapori vina haki ya mgawo wa mapato. Lakini uzio waweza kuja bila waya: shamba hapa, zizi pale, mpaka njia ikaziba. Mnyama aliyebaki kwenye kipande cha pori hana tofauti na yule wa ndani ya uzio.

Familia iliyoliwa mahindi nayo ina haki ya kulala imeshiba. Kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, au mizinga ya nyuki iliyotundikwa kuzunguka shamba, hukinga chakula bila kufunga njia nzima. Na kikao cha kijiji kinapogawa ardhi, iulizwe kwanza wanyama wanapita wapi, kabla tembo hawajaleta jibu wenyewe usiku.