Jamaa ya Msiri na matawi yake

Huku kwetu Buleusa, grupema ya Ikobo, kilima hakikosi mwenyewe. Tulipofungua shimo moja, jamaa ya watawala ilikuja kudai haki yake, tukalipa. Juma iliyofuata ndugu zao wa mji mwingine wakafika na dai lile lile, babu ni mmoja. Tukalipa tena. Tangu hapo sisi wa sendika tunafuatilia habari za jamaa za zamani zilizopigana vita na kushika madini, na ile inayotugusa zaidi ni ya Bunkeya, kule Katanga.

Hawakuzaliwa pale. Ni Wasumbwa, watu wa magharibi ya Tanzania, jirani na Wanyamwezi. Kalasa alikuwa anakuja kununua shaba na pembe. Kisha, miaka ya 1850, mutoto wake Ngelengwa, ndiye Msiri, akakuja na bunduki na hakurudia. Alisaidia wakubwa wa pale mu vita zao, mwisho akawatawala. Shaba Wasanga walikuwa wanaiyeyusha mbele yake. Yeye alikamata biashara, upande wa Bahari ya Hindi na upande wa Angola.

Wayeke, ndilo jina walilopewa, walikuwa wachache. Basi Msiri alioa, tena alioa sana. Bibi wa kila kabila alikuwa kama mjumbe wa kwao pale Bunkeya. Matawi yalitoka hapo: mutoto ni Myeke kwa baba, lakini wajomba ni Wasanga ao Walamba. Ukigombana naye, umegombana na pande mbili.

Tarehe 20 Desemba 1891, Kapiteni Bodson wa msafara wa Stairs alimpiga Msiri risasi, sababu alikataa bendera ya Leopold. Bodson naye alipigwa, akafa. Mukanda-Bantu, mwana wa Msiri, akashika kiti na kutumika pamoja na wale waliomuua baba yake. Wengine watamwita msaliti. Sisi tunaona alikuwa na watu wa kuokoa. Lakini mwaka 1906 Union Minière ikaundwa, na Wayeke wakakosa shaba sawasawa na Wasanga.

Tawi la Munongo ndilo linajulikana sana. Antoine alikuwa mwami. Ndugu yake Godefroid alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Tshombe wakati Lumumba aliuawa, Januari 1961. Godefroid naye akawa mwami toka 1976 mpaka kufa kwake 1992.

Wenye kilima chetu wangali wanabishana. Tumewaomba wakae chini, wataje matawi yote mbele yetu, na waandike karatasi moja: malipo ni mara moja. Tawi la mkubwa limekubali. La mdogo linasema lingojee kwanza harusi ya binti yao iishe.